Sahani Hulala Kifudifudi

Kitu cha kwanza nilichomwonea wivu mama wa maabara kilikuwa kiti chake. Kilikuwa kiti kirefu cha mbao kisicho na mgongo, kimewekwa mbele ya dirisha, na miguu yake ilikuwa imechimba vijishimo vinne kwenye saruji. Vijishimo vile viliniuma. Wakati huo nilikuwa nimeshafunga mwani kwenye kamba kule Kibuyuni, nimeshaosha vyombo katika hoteli moja ya Galu, nimeshapakia mananasi, nimeshauza kadi za simu Ukunda, na hakuna mahali ambapo kiti changu kilikuwa kimeacha hata mkwaruzo. Yeye alikuwa amekaa mahali pamoja mpaka saruji ikamtambua.

Maabara yenyewe ilikuwa nyumba ndogo ya vyumba vitatu nyuma ya hospitali, upande wa Msambweni. Niliingia pale kwa kuosha vioo na kupiga deki, kazi ya miezi miwili niliyoambiwa ni ya kushikia tu. Nikakaa miaka sita. Sijawahi kukaa popote miaka sita, kabla wala baada, na sababu ni yeye.

Kazi yake ilikuwa kukuza bakteria na kuwavuna. Daktari akipata mgonjwa mwenye kidonda kisichosikia dawa, hufuta usaha kwa kijiti chenye pamba, na kijiti huletwa kwa mama wa maabara. Yeye hukipaka juu ya sahani ndogo ya plastiki yenye agari, kitu kilichoganda kama jeli, kisha huiweka sahani ndani ya kabati la joto. Kesho yake, pale palipokuwa hapana kitu, pana vidoti: vyeupe, vya manjano, vingine vya kijani kibichi. Kila kidoti ni bakteria wasiohesabika.

“Usiseme ‘mdudu huyu’,” alikuwa akiwaambia wanafunzi waliokuja kwa mafunzo. “Huo ni ukoo mzima. Babu yao alikuwa mmoja, jana saa tisa.”

Mimi nilikuwa nyuma na ndoo yangu, nimeacha shule darasa la saba, nikacheka peke yangu. Wanafunzi hawakucheka. Walikuwa wakiandika.

Nilimwuliza agari ni nini katika wiki yangu ya kwanza. Sikuwa na haya ya kuuliza. Ndicho kitu pekee nilichotoka nacho shuleni kikiwa kizima.

“Umewahi kula faluda, baba?”

“Nimekula, mama. Kila Ramadhani.”

“Ile chaina-grasi inayogandisha faluda ndiyo agari. Basi umeshakula chakula cha wageni wangu.”

Akaniambia kwamba hutengenezwa kwa mwani. Nikamweleza kwa haraka juu ya Kibuyuni, jinsi tulivyokuwa tukifunga mwani kamba kwa kamba maji yakiwa magotini, jinsi unavyonuka ukianikwa, jinsi nilivyokuwa nikiupakia magunia. Nilijiona nimeshiriki katika kazi yake kabla hata hatujajuana. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema, “Mwani wa Kibuyuni ni wa aina nyingine, baba. Ule hutoa kitu cha kushikanisha dawa ya meno na maziwa. Agari haitoki humo.” Nikawa kama mtu aliyedai undugu na tajiri, akaambiwa ni majina tu yaliyofanana.

Jumatatu ilikuwa siku ya kupika. Alipima unga wa agari, akauchanganya na maji na supu ya nyama iliyokaushwa, akaupika, akautia kwenye chupa na kuziweka ndani ya sufuria kubwa ya mvuke. Chupa zikitoka aliacha zipoe, kisha alishika moja na kuigusisha ndani ya mkono, karibu na kifundo, kama mama anavyopima maziwa ya mtoto. Ikiwa moto mno, mvuke utajaa kwenye vifuniko. Ikipoa mno, itaganda mkononi. Akisema “sasa”, alimimina sahani arobaini bila kusita, na zote arobaini zikawa na kina kimoja. Nilikuwa nikizichungulia kwa pembeni nikitafuta moja iliyozidi. Hotelini Galu nilifanya kazi chini ya wapishi waliopigiana kelele na kurushiana miko kwa ajili ya mchuzi mmoja. Huyu alipika chakula cha viumbe wasioonekana, wala hakuna aliyewahi kumsifu, wala hakuonekana kungoja sifa. Hilo nalo nililionea wivu. Mimi nikifagia vizuri huzungukazunguka mpaka mtu aone.

Kwa sahani nyingine alihitaji damu ya kondoo, na kondoo mwenyewe alikuwa nyuma ya maabara, jike moja nono lililokula majani mazuri kuliko ng'ombe wote wa jirani. Alitolewa damu kidogo, akapumzishwa, akatolewa tena. Kila Idi walikuja watu kumtania.

“Mama, huyu kondoo amekwiva. Tumfanyie hisani.”

“Huyu ni mfanyakazi wa serikali,” aliwajibu. “Ngojeni astaafu.”

Kila asubuhi alimpitia kondoo kabla ya kutupitia sisi. Alimwamkia kabisa, akamwuliza usingizi ulikuwaje. Na mimi nilisimama na fagio nikingoja zamu yangu, nyuma ya kondoo.

Msidhani kwamba hakuwa na adabu kwangu. Alikuwa nayo ya kupita kiasi, na ndiyo iliyonikera. Nikimwambia “Shikamoo, mama”, alinijibu “Marahaba, baba, umeamkaje? Nyumbani hawajambo?” na alingoja jibu. Nikivunja chupa alisema, “Pole, baba, hukujikata?” Lakini wanafunzi aliwafokea. Aliwaita wazembe, aliwauliza kama vidole vyao wamevikopa, aliwaambia warudi kwao wakalime mihogo. Nilikuja kuelewa kwamba alimfokea yule tu ambaye alikuwa na jambo la kumfundisha. Heshima alizozigawa kwa wengine zilikuwa kama kikombe cha chai kinachopelekwa mlangoni kwa mgeni asiyetakiwa kuingia ndani.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Alikataza kunusa sahani. Ilikuwa imeandikwa ukutani kwa mkono wake: USINUSE. Kuna bakteria wanaoingia kwa pumzi. Lakini mimi nilimwona, si mara moja, akiinua kifuniko kidogo, akipitisha kiganja juu yake kuvuta hewa puani, akifumba macho. Mara moja alinikuta nikimtazama.

“Huyu wa kijani,” akasema kama aliyefumaniwa, “hunukia mabibo yaliyoiva. Wallahi. Kama uko chini ya mkorosho.”

“Na ile karatasi ya ukutani, mama?”

“Ile ni kwa wasiojua wanachonusa.”

Nilitamani ninuse. Hakunikaribisha.

Tena, mikono yake aliiosha maabarani mpaka ikawa na ngozi kama karatasi. Lakini saa sita alivuka barabara akanunua viazi karai kwa mwanamke aliyevishika kwa mkono uleule alioshikia hela na mtoto, akala amesimama, akalamba ukwaju vidoleni. Nilimwuliza. Akasema, “Hao wa barabarani ni majirani, tumezoeana. Wale wa kabatini ni wageni niliowaita mwenyewe, nao sijui wana nia gani.”

Hakuwahi kufika Nairobi. Alikuwa akilitaja jambo hili bila uchungu. “Bakteria wangu wamepanda ndege,” alisema. “Mimi kivuko cha Likoni chenyewe navuka nikiwa na msiba.” Kila wiki mbili gari lilikuja na sanduku la barafu kuchukua vichupa alivyovijaza, likavipeleka kwenye maabara kubwa, na wakubwa wa huko walimpigia simu wakimwuliza amefanyaje mpaka vikawa safi vile. Mimi niliyezurura kutoka Lunga Lunga mpaka Kilifi, hakuna aliyewahi kunipigia simu kuniuliza nimefanyaje lolote.

Lakini nilichokitamani hasa kilikuwa kuvuna.

Kuvuna kulikuwa hivi. Asubuhi alitoa sahani kabatini, akaziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Akakaa. Akasema bismillahi. Akawasha moto wa gesi, akachovya kijiti cha kioo kilichopindwa ncha kama fimbo ya mpira wa magongo kwenye spiriti, akakipitisha motoni, kikawaka samawati, kikazima, akakingoja kipoe. Akamimina maji ya chumvi kidogo juu ya agari, kiasi cha kulowesha tu. Kisha akapitisha kijiti juu ya vile vidoti, polepole, akizungusha sahani kwa mkono wa kushoto, na vidoti vikaachia. Maji yakageuka meupe kama tui la pili. Akainamisha sahani, akayavuta kwa mrija, akayatia kwenye kichupa. Baadaye aliyazungusha kwenye mashine mpaka bakteria wakakaa chini kama unga wa uji, akamwaga maji ya juu, akaongeza mchuzi wenye gliserini ili baridi isiwaue, akawagawa kwenye vichupa vidogo na kuwalaza kwenye friza kali. Wangeweza kulala humo miaka, wakaamshwa, wakaendelea kana kwamba walisinzia baada ya chakula.

Ugumu wote uko kwenye mkono. Ukikandamiza, kijiti kinachimba agari, vipande vinaingia kwenye mavuno na kazi imeharibika. Ukilegeza, unawaacha nusu. “Vuna juu, usichimbe shamba,” alikuwa akiwaambia wanafunzi, tena kwa ukali. Nilijifunza maneno yale kama wimbo.

Mwaka wangu wa pili nikamwomba.

“Mama, siku moja nijaribu sahani moja. Hata ile ya kutupwa.”

Alivua miwani. “Haiwezekani, baba. Ingekuwa jikoni kwangu ningekupa mwiko sasa hivi. Lakini hapa kuna kanuni, na sahihi ni yangu. Huna cheti.”

“Nina mikono.”

“Naona. Lakini wakaguzi hawakagui mikono.”

Nikaomba tena mwaka wa tatu, na wa nne. Jibu lilikuwa hilohilo, kwa upole uleule. Nyumbani kwangu nilipika uji mzito wa muhogo, nikaumimina kwenye vifuniko vya makopo, ukaganda. Nikanyunyizia unga juu yake uwe ndio bakteria. Nikapinda waya wa mwavuli, nikafanya mazoezi ya kukwangua bila kuchimba, jioni baada ya jioni, mpaka nikaweza kuondoa unga wote na uso wa uji ukabaki laini. Hakuna aliyeona. Nilikuwa na ufundi kamili wa kuvuna unga juu ya uji.

Mwaka wa sita akaja Mwende.

Mwende alitoka katika familia za bara zilizopewa mashamba huku Kwale zamani. Alikuwa na miaka kama thelathini, mtoto mmoja, stashahada ya chuo cha bara, na Kiswahili cha Ukunda kilichochanganyika na kila kitu. Siku ya kwanza alimwambia mama wa maabara, “Niaje mathe, hii mashine inawashwa wapi?”

Kalamu za wanafunzi zikasimama. Hata kondoo nje aliacha kutafuna.

“Mimi si mathe,” akasema mama wa maabara. “Hapa watu huamkiana kwanza. Toka nje, uingie tena.”

Mwende akatoka kweli, akaingia tena, akasema “Shikamoo, mama” kwa lafudhi iliyofanya sote tutazame chini tusicheke. Kuanzia hapo alifokewa kutwa. Nikajua amepokelewa.

Wiki ya tatu akapewa kijiti cha kioo.

Nilikuwa nje ya mlango wa kioo nikipiga deki. Nilimwona amekaa kwenye kile kiti. Kijiti kikazama kwenye agari kama koleo, na mama wa maabara akapaza sauti, “Usichimbe! Unatafuta mzizi wa muhogo? Juu! Pitia juu!” Kisha akaushika mkono wa Mwende kwa mkono wake mwenyewe, wakazungusha pamoja. Nilibaki nimesimama juu ya sakafu niliyokwisha kuipiga deki, nikaipiga tena.

Mwende hakuwa mtu mbaya. Alinisalimia “bro”, aliniletea maandazi, alinieleza mambo niliyomwuliza bila kujikweza. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa na majivuno.

Sasa kuna jambo moja ambalo lazima mlijue ili mwelewe nilichofanya. Sahani ikishapakwa, huingizwa kwenye kabati la joto ikiwa imegeuzwa, kifuniko chini, agari juu. Hulala kifudifudi. Sababu ni kwamba agari hutoa jasho, na jasho hukusanyika kwenye kifuniko. Sahani ikilala chali, matone huanguka juu ya vidoti, vidoti vyote huogelea na kuchanganyika, na koo mbili zilizokaa mbalimbali huwa uji mmoja. Kila mtu wa kazi hii hufundishwa hivyo. Lakini kule bara alikosomea Mwende hewa ni kavu, mtu akisahau mara moja anaweza asione madhara, akazoea kutojali. Huku kwetu kuta zenyewe hutoka jasho.

Wiki hiyo kulikuwa na sampuli ya bibi mmoja wa Kibuyuni, mkulima wa mwani. Alichomwa mguuni na kitu baharini, kidonda kikakataa dawa miezi miwili. Ndani yake mama wa maabara alikuwa ameshaona chini ya hadubini aina mbili za bakteria, mmoja wa kawaida mwenye kutambaa na mwingine aliyekuwa akimshuku kwamba ndiye anayezikataa dawa. Huyo wa pili alitakiwa avunwe akiwa peke yake, apelekwe na gari la Alhamisi, ili maabara kubwa iseme ni dawa gani itakayomweza. Kijiti cha pamba kilikwisha kutumika chote. Kilichobaki kilikuwa matone machache yaliyosuuzwa kutoka kijiti hicho, ya kutosha sahani sita tu, na sahani sita hizo mama wa maabara alimwachia Mwende azipake na kuziweka, kwa kuwa yeye aliitwa mkutanoni.

Nilikuwa nikifuta kioo cha kabati la joto. Mwende akaja na sahani, akafungua, akazipanga, akafunga. Alikuwa na haraka. Ilikuwa saa kumi, na mtoto wake alikuwa akimngoja shuleni.

Zote sita zililala chali.

“Umemaliza, dada?” nikamwuliza.

“Nimemaliza bro. Wacha nikimbie, mtoi ananingoja.”

“Haya. Msalimie.”

Akaenda. Nikabaki na kitambaa mkononi. Kati yangu na sahani palikuwa na kioo tu, nami nilikuwa nimetoka kukifuta, kilikuwa safi, nilizisoma mpaka namba. Nilijiambia kwamba sina ruhusa ya kugusa. Ilikuwa kweli. Nilijiambia kwamba kama nikisema nitaulizwa najuaje. Hiyo haikuwa kweli, na nilijua. Lililokuwa moyoni mwangu lilikuwa dogo na wazi: mwacheni mwenye cheti. Miaka sita nilikuwa nimejifunza kwa kuiba macho, na mara ya kwanza elimu ile ilipohitajiwa na mtu, niliifungia mdomo. Nikamwaga maji ya ndoo, nikaenda nyumbani.

Asubuhi mama wa maabara alifungua kabati. Aliinua sahani ya kwanza kwenye mwanga, ya pili, ya tatu. Zilikuwa na utando mmoja wa kijivu kutoka ukingo hadi ukingo. Akafanya kazi siku tatu kujaribu kuwatenganisha, akipaka upya, akichagua kidoti hiki na kile. Yule mwenye kutambaa alikuwa amefunika kila kitu. Aliyekuwa akitafutwa hakuonekana tena. Gari likaja Alhamisi likaondoka bila yeye.

Nilingoja Mwende afukuzwe. Nasema ukweli, nilingoja kama mtu anavyongoja mvua.

Daktari mkuu alikuja mwenyewe. Palikuwa na daftari la makosa, kila kosa huandikwa na jina la aliyelifanya. Akauliza ni nani aliyeziweka sahani.

“Ni mimi,” akasema mama wa maabara.

“Wewe?”

“Kazi ilikuwa yangu. Niliipa mgongo nikaenda kukaa mkutanoni, wala sikumwambia huyu kwamba kabati letu hutoka jasho kuliko la chuoni kwao. Andika jina langu.”

Akaliandika mwenyewe, kwa mwandiko uleule wa USINUSE. Ilikuwa mara ya kwanza jina lake kuingia katika daftari lile. Mwende alikwenda kulia nyuma, kwenye banda la kondoo. Mama wa maabara akamfuata huko, nikamsikia akimfokea kwa nusu saa, maneno ya kuchoma mpaka mfupa, na katikati ya maneno hayo nikasikia kishindo kidogo cha mtu anayempigapiga mwenzake mgongoni. Hata kosa la Mwende lilipata mama. Mimi niliyekuwa na kosa kubwa zaidi nilikuwa nimesimama na ndoo, sina hata wa kunitukana.

Yule bibi alirudishwa kutoka Kibuyuni ili afutwe usaha tena kwa kijiti kingine cha pamba. Nilikuwa nikipiga deki ukumbini. Alipopitishwa kwenye kiti cha magurudumu akanitazama, akasimamisha mkono wa aliyemsukuma.

“Si wewe uliyekuwa ukitufungia kamba?”

“Ndimi, bibi. Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Niombee. Wanasema ile ya kwanza imepotea.”

Nikamwambia nitamwombea. Kutoka nyuma ya pazia nilimsikia akilia walipokifuta kidonda. Sampuli ya pili ilikubali kutenganishwa, majibu yakaja, dawa ikapatikana, lakini zilikuwa zimepita wiki tatu. Siku hizi anatembea akichechemea. Wengine wanasema angechechemea vyovyote vile. Sijui, na hakuna wa kunijulisha.

Mwezi uliofuata niliacha kazi. Nilimwambia mama wa maabara kwamba nimepata kibarua kwingine. Alinishukuru kwa adabu, akaniombea riziki, akaniuliza kama nyumbani hawajambo.

Baada ya hapo nilizunguka kama kawaida yangu. Nilichimba visima, nilipaka rangi hoteli, nilijifunza kutengeneza friji, nikasahau. Mwaka huu niko Kombani, nauza miche kandokando ya barabara: mikorosho, midimu, michungwa ya kupandikiza. Asubuhi moja mwanamke aliyevaa buibui alisimama mbele ya miche, akainama, akageuza jani moja kuangalia upande wa chini. Nilimjua kwa ule ugeuzaji kabla hajainua uso.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba.” Akanikazia macho. “Eh! Ni wewe? Umekonda. Nyumbani hawajambo?”

Alikuwa amestaafu. Mikono yake ilikuwa na mtetemo mdogo alioushikilia kwa kushika mkoba. Aliniambia kwamba Mwende ndiye mkuu wa kazi sasa, kwamba anamimina sahani vizuri, si kama yeye, lakini vizuri. Yeye anapanda midimu nyuma ya nyumba. Alichagua miche minne, akaniuliza juu ya mbolea, nikamjibu. Angeweza kwenda zake. Sijui kilichonisukuma, labda kule kutajwa kwa Mwende.

“Mama, zile sahani za bibi wa Kibuyuni. Niliziona.”

“Uliziona vipi?”

“Siku ile Mwende alipoziweka. Nilikuwa nafuta kioo. Niliziona zimelala chali.”

Akauweka chini mche aliokuwa ameushika. “Ukajua ni kosa?”

“Nilijua.”

“Nani alikufundisha?”

“Wewe. Kwa kukutazama.”

“Na ukanyamaza.”

“Nikanyamaza. Kwa wivu, mama. Nilikuomba miaka, ukampa yeye kwa wiki tatu.”

Lori likapita, tukalisubiri lipite. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira yake. Kusema kweli nilikuwa nikiitamani. Lakini uso wake haukukasirika. Ulikuwa unafikiri, ule uso wa kuinua sahani kwenye mwanga.

“Unajua,” akasema, “tangu ulipoondoka ulinikaa hapa.” Akagusa chini ya koo. “Nilikuwa nikijiambia, yule bwana alikuwa na macho, alikuwa na hamu kuliko wote walioletwa na vyeti vyao, nami nimemnyima kwa ajili ya karatasi. Karatasi tu! Nilijiona nimedhulumu mtu. Nimekuwa nikikuombea kila baada ya sala, nikiogopa nitakujibu nini mbele ya Mungu.”

Nikainama kuunyanyua ule mche aliouweka chini.

“Kumbe sikukudhulumu.” Alilisema polepole, kama anayejaribu mguu uliokuwa na jeraha. “Mtu anayeona sahani zimelala chali, na mgonjwa yupo, akanyamaza, huyo hata awe na vyeti kumi simpi kijiti. Alhamdulillahi. Umenitua mzigo mkubwa, baba. Mungu akulipe.”

Alimaanisha. Hakukuwa na kejeli hata chembe. Nilimbebea miche mpaka kwenye pikipiki iliyokuwa ikimngoja, nikaifunga nyuma kwa mpira ili isiyumbe. Alipanda upande upande, akalivuta buibui, akanipungia mkono akitabasamu, na alionekana mdogo kwa miaka mingi kuliko yule aliyeinama kuangalia majani nusu saa iliyopita.

Nilikuwa nimekaa na maneno yale miaka saba nikingoja siku ya kuyatoa kifuani. Niliyatoa, naye ndiye aliyeondoka mwepesi. Nikasimama katikati ya miche nikiitazama pikipiki ikipanda kilima cha kwenda Kwale mjini, na nikamwonea wivu hata wepesi huo.